Vyura Kumi na Wawili, Kutoka Manyatta hadi Karungu

Kwanza nimjibu Mama Risper, maana amekuwa akitangaza pale Kibuye sokoni ati nilienda kwa mganga. Sikuenda kwa mganga. Nilienda kwetu Karungu, nilikozaliwa, na nilienda na vyura. Ndiyo, vyura. Kumi na wawili, wazima, ndani ya sanduku la plastiki lenye matundu. Kila mmoja wenu ananiuliza kipande chake, mwingine ananisimamisha nikiwa na beseni kichwani, kwa hivyo nimeamua kuandika yote mara moja. Shule niliacha darasa la nne, lakini mdomo haukuacha, na mkono unafuata mdomo.

Manyatta

Adhiambo mnamjua, binti ya mwanangu wa pili, yule mrefu anayevaa gambuti hata siku ya kanisa. Yuko chuo kikuu, anasomea vyura. Aliponiambia mara ya kwanza nilidhani ni utani. Siku hizi mimi ndiye namtangaza. Mkiniona nimesimama na mtu nisiyemjua, jueni namweleza kuhusu Adhiambo.

Kazi yake alinieleza hivi, jikoni kwangu, nikipeta omena, wale dagaa wa ziwa.

"Dani," akasema, maana ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyotuita sisi nyanya zao, "ukifukuzwa na mbwa, unakumbuka kupaka mafuta?"

"Nikifukuzwa na mbwa nakumbuka miguu tu."

"Basi ndivyo hivyo. Mwili ukishtuka unamwaga kitu ndani ya damu, kinaitwa homoni. Hiyo homoni inasema, kimbia, jifiche, mambo ya mapenzi tutaona baadaye. Chura akishtuka kidogo, inapita, anarudi kuimba. Akishtushwa siku baada ya siku, anafunga duka kabisa. Na dume asipoimba, jike haji. Jike asipokuja, hakuna mayai."

Nikamwambia hayo hata mimi ningemfundisha. Akacheka, lakini si sana, kwa sababu alikuwa kwenye shida. Wiki mbili kabla, alikuwa amewatoa wale madume kumi na wawili kwenye bwawa la kaka yangu Odera, kule Karungu, akawaleta Kisumu. Ni vile vyura vidogo vya matete, havizidi fundo la kidole gumba, vina mistari ya rangi mgongoni kama vimepakwa na mtoto. Kwetu vilikuwa vinaimba hadi masikio yanauma. Vilipofika Kisumu, kimya. Aliwawekea maji, majani, wadudu, hata sauti za wenzao kwenye simu. Kimya.

Mwalimu wake mkuu akasema hao ni wagonjwa, walikuwa wabovu tangu mwanzo, aache hilo somo atafute lingine. Adhiambo akasema si wagonjwa, wameshtuka, na akiwarudisha walewale kwenye bwawa lao wakatulia, wataimba. Mwalimu akampa hadi Ijumaa. Wasipoimba hadi Ijumaa, mwaka mzima wa kazi unatupwa, na mvua ndiyo hiyo inaelekea kuisha.

Safari hiyo hakuniomba niende. Nilijialika. Bwawa ni la kwetu, kaka ni wangu, nani angenizuia? Jumatatu asubuhi nikapanda mbele kwenye pikapu ya chuo, sanduku katikati yangu na Adhiambo, na dereva, Bwana Okoth, mtu mzima mwenye tumbo na kinyongo. Adhiambo alikuwa amemwambia asifungue redio ili vyura wasitetemeke.

"Nimebeba maprofesa," Okoth akasema tukitoka Manyatta. "Nimebeba ng'ombe wa chuo. Nimebeba bibi harusi. Hakuna aliyewahi kunizimia redio."

"Mimi nitakuimbia," nikamwambia.

"Afadhali vyura, mama."

Ahero

Hapa tulisimama ninunue mchele wa kumpelekea wifi yangu. Mwanamke aliyenipimia akaona sanduku limefunikwa kitambaa chenye maji, akauliza ni samaki gani. Mnanijua. Ningewezaje kunyamaza? Nikafunua.

"Vyura!" akapiga kelele, wenzake wanne wakaja mbio, vichwa vyote vikaingia sandukuni. "Mama, sisi hapa tunao bure. Mpunga ukimea hatulali kwa sababu yao. Wewe unawabeba na gari?"

"Hawa ni wa chuo kikuu. Yule pale ni mjukuu wangu. Anaweka chura kwenye kikombe cha maji safi, anamwacha hapo saa moja, halafu anapeleka maji kupimwa. Maji yanamwambia kama chura ana hofu."

"Maji yanasema?"

"Yanasema kwa waliosoma."

Mmoja akaingiza kidole, akamgusa chura tumboni. "Sasa mbona hivi vyako haviimbi? Vya kwetu vinaimba hata ukivipiga teke."

Hilo nililipuuza. Nilifurahi jinsi walivyomgeukia Adhiambo na kumwita daktari. Yeye alikuwa kando ya gari akitabasamu lile tabasamu lake fupi, na mkono wake ulikuwa umeshika kifuniko, unangoja nimalize.

Pale Katito kwenye kizuizi nilimfunulia askari. Hakuwa ameomba hata. Aliita wenzake wawili, mmoja akapiga picha.

Kendu Bay

Gurudumu lilipasuka tukikaribia mjini. Okoth akaenda kutafuta fundi, sisi tukaingia kwenye hoteli ndogo karibu na msikiti. Mwenyewe ni mzee wa kofia na kanzu safi, mpole, anaitwa Mzee Salim. Wapendwa, kaimati nilizokula pale! Laini, zimechovywa kwenye sukari nzito, na chai ya tangawizi inayopanda hadi puani. Nilikula sahani mbili na nikaomba Adhiambo asihesabu.

Mzee Salim alipenda mazungumzo. Akaniuliza tunakwenda wapi na huyu msichana.

"Karungu," nikamwambia. "Kuna dume tunampeleka nyumbani. Wakati wake umefika kabisa, majike wapo, lakini tangu aletwe mjini hataki kabisa. Amekaa tu kimya. Ameshtuka."

Mzee akaketi. Akashusha sauti. "Mama, hayo yanatokea. Msimkaripie. Kijana akitolewa kwao, moyo unasinyaa. Mpeni muda, mpeni chakula kizuri, msimsimamie. Mimi mwenyewe nilipooa..." Akamtazama Adhiambo, akakohoa. "Huyu ndiye mchumba?"

"Hapana, huyu ndiye daktari wao. Wako kumi na wawili."

Mzee akaweka birika chini polepole sana. "Kumi na wawili?"

Adhiambo alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika kwa kicheko. Basi ikanibidi nimwonyeshe. Nikavuta sanduku kutoka chini ya meza, nikafunua, na Mzee Salim akacheka hadi akavua kofia ajipepee. Akawaita watu wa dukani, na fundi wa gurudumu, na kina mama wawili waliokuwa wanapita na vikapu. Kila mtu akatazama. Nikawaeleza wote kuhusu homoni, mara ya tatu siku hiyo, na naapa nilieleza vizuri kuliko mara mbili za kwanza.

Mzee alikataa tuondoke bila kufungiwa kaimati za njiani.

Homa Bay hadi Sindo

Kutoka Homa Bay mvua ilitukamata. Okoth akaendesha pua ikigusa kioo. Adhiambo alikuwa ameangalia ndani ya sanduku mara moja tu, haraka kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Nilimuuliza kama ana njaa. Akasema hapana. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, Dani.

Huyu mtoto ananitania tangu akiwa na miaka minne. Ananiita msichana wa Karungu, anauliza nimeacha wachumba wangapi huko. Siku hiyo hakunitania hata mara moja tangu Kendu Bay. Nami, mjinga, nilifikiri ni usingizi.

Tulilala Sindo kwa sababu mbele kulikuwa na matope. Mwenye nyumba ya wageni akauliza kuna nini kwenye sanduku, nikamwonyesha.

Sindo, ufuoni

Asubuhi nilishuka ziwani kununua samaki wa kiamshakinywa, nikabeba na sanduku, ati vyura wapate upepo. Adhiambo akanifuata.

Pale kuna mwanamke mnene anayeuza chambo kwa wavuvi wa ndoano. Watu wote wanamwita Mama Chambo, hata watoto wake. Ana beseni kubwa za vitoto vya mumi, wale kambare, amevifunika kwa magugu maji mabichi. Kila mvuvi akija anasema idadi anayotaka, yeye anapenyeza mkono chini ya majani bila kuangalia na anatoa. Mvuvi mmoja akainua majani achague mwenyewe. Mama Chambo akampiga kofi mkononi, pa!

"Nani amekwambia ufunue?"

"Nataka kuona, mama."

"Ukiona utafanya nini, utawaoa? Ukifunua wanashtuka. Wakishtuka wanalegea. Ukimtia kwenye ndoano amelegea, mbuta unayemvua anampita kama anapita mti. Unarudi hapa kusema chambo cha Mama Chambo ni kibovu. Si kibovu! Ni mkono wako!"

Nilisimama na sanduku langu. Wallahi, kama angekuwa amenipiga mimi lile kofi nisingeshtuka hivyo. Maana neno ni lilelile. Kibovu. Ndilo neno la mwalimu wa Adhiambo.

Mama Chambo akaniona. "Na wewe mama, umebeba nini hapo juani?"

Kwa mara ya kwanza tangu Kisumu sikutaka kusema. Adhiambo akamjibu. Mama Chambo akasikiliza, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kijiji chake.

"Mmefunua mara ngapi njiani?"

Adhiambo akatazama mchanga. "Mara kadhaa."

"Nani mwenye mkono?"

"Mimi," nikasema. Nikahesabu kwa sauti: Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay tulipoweka mafuta, Sindo kwa mwenye nyumba. Watu kumi, ishirini, wanapumulia vyura usoni. Kidole cha yule mwanamke wa mchele. Simu ya askari, na ule mwanga wake.

Nikamgeukia Adhiambo, na niwaambie ukweli, nilikuwa na hasira, hasira ya mtu mwenye makosa. "Kwa nini hukunikataza? Una mdomo! Ulisoma hadi wapi hata ushindwe kusema, Dani, acha?"

Machozi yakamtoka. "Ulikuwa na furaha, Dani. Kila ulipofunua ulisema, huyu ni mjukuu wangu. Nilishindwa."

Nilikaa chini kwenye mtumbwi uliopinduliwa.

Mama Chambo hakungoja nimalize kujihurumia. Alichukua sanduku, akalifunga kwa gunia lenye maji, akatandaza majani ya magugu juu, gunia lingine tena, akakaza kamba. "Sasa wako gizani, wako kwenye ubaridi, hawaoni sura ya mtu. Yasifunguliwe haya mpaka majini kwao. Na wewe mama," akaninyooshea kidole chenye magamba, "kalia mikono."

Njia ya Magunga

Kutoka hapo nilikalia mikono kweli. Barabara ilikuwa uji. Tulikwama mara mbili, na mara ya pili watu wa kanisa fulani waliokuwa wanatoka kwenye mkutano walitusukuma, wanaume kwa wanawake, matope hadi kiunoni. Mchungaji wao akachungulia dirishani kwangu.

"Mama, umekumbatia nini hivyo?"

Ulimi ulikuwa unawasha. Hapa kulikuwa na kanisa zima, watu wazuri, wamechafuka kwa ajili yetu, na mimi nina mjukuu daktari wa vyura.

"Mboga," nikasema.

Okoth akanitazama kwa mshangao, halafu, kwa mara ya kwanza katika safari, akanicheka kwa upendo. "Nyar Karungu, umepona?" akaniuliza, yaani binti wa Karungu.

"Endesha gari."

Adhiambo akalaza kichwa begani kwangu. Akasema polepole, "Msichana wa Karungu, wachumba wako watajua umekuja na mboga?"

Nikajua tumesameheana.

Karungu

Sasa niwakumbushe kitu ambacho nyinyi mlioolewa mnakijua. Kwetu binti hafiki kwa kaka yake mkono mtupu. Anakuja na kikapu, na wanawake wa boma wanakipokea njiani, wanakitia kichwani, wanakicheza hadi ndani.

Tulipokaribia kwa Odera jioni ya Jumanne, nikaona watu. Wifi yangu, Mama Awino, alikuwa amekusanya wanawake wa boma zima na majirani. Kaka yangu alikuwa ameweka spika mbili chini ya mti wa mlimao, na muziki unapiga hadi mabati yanaimba. Mimi nilikuwa nimewapigia simu wiki iliyopita nikasema nakuja na mjukuu msomi. Nilisema wajiandae. Mimi mwenyewe!

Niliposhuka nikanyoosha mgongo, mkono ukaacha sanduku dakika moja. Nilipogeuka, halikuwepo. Lilikuwa kichwani kwa Mama Awino.

Mnaona ilivyokuwa? Limefungwa vizuri kwa gunia na kamba, limefunikwa majani mabichi, zito kidogo, limekaa mbele na mama mwenyewe. Nani asingedhani ni zawadi? Wanawake wakalizunguka wakiimba jina la baba yangu. Mama Awino anacheza vizuri sana, hilo namkubalia. Anainama, anainuka, anatikisa shingo. Na kila akitikisa shingo, vyura kumi na wawili wanarushwa huku na huku gizani.

Adhiambo alikuwa ameweka mikono mdomoni. Hata sasa hakuweza kusema. Nani mwingine angesema?

Nilikimbia. Mimi na magoti yangu haya. Nikapita katikati ya wimbo, nikanyoosha mikono, nikalitoa sanduku kichwani mwa mke wa kaka yangu mbele ya boma lote. "Wekeni chini! Odera, zima hiyo kitu!"

Muziki ukakatika. Wimbo ukafa. Jamani, kumnyang'anya wifi zawadi kutoka kichwani! Heri ningemtukana. Uso wake ukawa kama mlango uliofungwa.

"Kama zawadi si yetu," akasema, "ungetuambia tukusubiri ndani."

"Zawadi yenu ni gunia la mchele pale nyuma. Hapa ndani ni vyura."

"Vyura," akasema Odera.

"Wale aliochukua mtoto hapa. Tumewarudisha."

"Dada, umesimamisha wimbo wa baba yetu kwa ajili ya vyura?"

"Ndiyo."

Nilipiga magoti kwenye matope, wapendwa, mbele ya Mama Awino ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka kumi. Nikamweleza yote. Sikueleza kwa majivuno ya Kendu Bay, nilieleza kama mtu anayeomba. Kwamba hawa ni madume walioshtushwa. Kwamba waliacha kuimba kwa sababu ya hofu, wala si ugonjwa. Kwamba mimi ndiye niliyewashtusha zaidi njia nzima kwa kujigamba. Kwamba mtoto ana jioni tatu tu, na naomba boma hili linyamaze jioni tatu, mtu asipite njia ya bwawa.

Mama Awino akaweka mikono kiunoni. "Wanashindwa kwa sababu watu wanawasimamia?"

"Ndiyo."

"Unakumbuka mwaka nilioolewa hapa?" Akawageukia wanawake. "Tulikuwa kwenye ile simba, nyumba ya kijana, mimi na huyu Odera. Kila jioni, giza likianza tu, mama mkwe anapita nje ya ukuta. Anakohoa. Anauliza, Odera, mmefungia kuku? Odera, mmefungia kuku? Miezi minne! Watu wakaanza kusema mimi ni tasa."

Wanawake walianguka kwa kicheko. Odera akaingia ndani ya nyumba bila kuaga.

"Nyanyuka, wifi," Mama Awino akasema, akiwa bado hajatabasamu. "Atakayepita njia ya bwawa atanipata mimi. Na kuku nitafungia mwenyewe."

Bwawani

Adhiambo alikuwa amezungushia kona ya bwawa kwa neti, ili wale kumi na wawili wasichanganyike na wenyeji. Kila mmoja ana mistari yake mgongoni, hafanani na mwenzake, na yeye ana picha zao zote. Aliingia majini hadi mapajani, akafungua kamba za Mama Chambo chini kabisa ya matete, akarudi nyuma kama mwizi.

Jumatano jioni tulilala kifudifudi kwenye mkeka, mbali kidogo. Nje ya neti, wale ambao hawakuwahi kubebwa walikuwa wanaimba kwa fujo. Sauti yao ni kama watu mia wanagonga vijiko kwenye chupa. Ndani ya neti, kimya.

"Vizuri hivyo," Adhiambo akaninong'oneza. "Nje wanaimba, maana yake msimu haujaisha. Kwa hivyo tatizo si mvua."

Kama ilikuwa vizuri, mbona alihesabu siku zilizobaki kwa vidole?

Alhamisi, kimya tena. Lakini alinionyesha kitu kwa tochi yake ndogo nyekundu. Mmoja wa wetu alikuwa amesogea hadi kwenye neti, amekaa kimya karibu kabisa na mwimbaji wa nje, ametulia tuli.

"Anafanya nini?"

"Kuimba kunachosha, Dani, na kunapandisha homoni hiyohiyo. Dume ambaye yuko karibu kuzidiwa ananyamaza, anakaa kando ya anayeimba. Jike akija kwa mwimbaji, huyu anamdaka njiani."

"Mjanja!"

"Shhh."

"Mjomba wako mmoja alioa hivyo," nikanong'ona, na ikabidi tuzike nyuso kwenye mkeka.

Ijumaa mwalimu alipiga simu mchana. Nilimsikia Adhiambo akisema, "Ndiyo, mwalimu. Bado, mwalimu. Jioni hii bado ipo, mwalimu." Hakula. Mama Awino alileta ugali na mbuta wa mchuzi na mrenda, akarudi navyo vilevile. Boma lilikuwa kimya hata nikasikia mbuzi akitafuna. Hata Okoth alikuwa ameegesha gari barabarani, mbali, akaja kwa miguu.

Jua likazama. Wa nje wakaanza. Tukangoja. Nilianza kutafuta moyoni maneno ya kumwambia mtoto. Nilikuwa na maneno kama matatu, yote mabaya.

Halafu ndani ya neti, tik.

Moja tu. Adhiambo alinishika mkono, kucha zikaingia.

Tik. Kimya. Tik, tik. Kisha upande mwingine, mwenye sauti nene kidogo, akamjibu. Kisha wa tatu. Adhiambo alikuwa amewasha rekoda, anawasha na kuzima ile tochi nyekundu, anatazama migongo, anatazama picha. Shingo zao zilikuwa zimevimba kama puto la ubani wa kutafuna, kubwa kuliko vichwa vyao.

"Wanne," akasema. "Sita. Dani, saba. Ni walewale! Ni walewale wagonjwa!"

Wakafika tisa. Wengine watatu walikaa kando, wajanja au wachovu, sijui.

Adhiambo akatambaa, akainua pindo la neti. Tukangoja tena. Jike mmoja, mnene, rangi ya majani makavu, akapanda juu ya tete polepole, hana haraka, kama mimi nikichagua vitenge. Akampita wa kwanza. Akampita wa pili. Akafika kwa yule aliyetangulia kuimba, akakaa mbele yake. Dume akaacha kuimba, akapanda mgongoni kwake, akamshika kwapani, na wote wawili wakashuka kuelekea kwenye maji.

Adhiambo alikuwa analia na kucheka bila sauti. Aliandika, akafuta machozi kwenye karatasi, akaandika tena. Nilikuwa na kigelegele kimekwama kooni, kikubwa kuliko cha harusi yoyote niliyohudhuria. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili, nikatambaa nyuma, nikasimama, nikaenda. Nilipita muhogo wa Odera, nikapita shamba la mtama, nikapita hadi barabarani alipoegesha Okoth, nikaenda mbele zaidi hadi sikusikia tena chura hata mmoja.

Hapo nikakiachia.

Nilipiga hadi goti likatikisika. Na mnajua wanawake wa kwetu, hawasikii kigelegele wakakaa. Boma la kwanza likajibu. La pili likajibu. Likajibu la ng'ambo ya kijito, na la juu kwenye mawe, hadi mbwa wakabweka Karungu nzima, na hakuna aliyejua ni cha nini.

Asubuhi walikuja wanawake sita, na uji na maziwa, wanauliza nani amejifungua.

"Bado," nikawaambia. "Lakini ameshikwa vizuri. Kaeni chini niwaeleze. Na sauti, tafadhali, iwe ya chini."